Mwacheni Asile Pweza

Kilindoni, mji wa kisiwa chetu cha Mafia, penye sinia la chakula na watu wanaopendana, hutakosa kuisikia kauli hii: "Mtu wa Mafia adhuriwe na pweza? Hayo maradhi ya Wazungu. Mpe kidogo kidogo, atazoea." Husemwa kwa upole, mara nyingi na bibi au shangazi ambaye hamtakii mtoto ila heri. Waliosoma nao wanayo ya kwao, imevaa maneno mengine tu: mzio wa chakula ni tatizo la nchi tajiri, sisi tuna malaria na utapiamlo, tusijitwishe hofu za watu. Naipinga kauli hii yote, ya bibi na ya msomi, kwa sababu inaweza kumuua mtoto, na kwa sababu kisiwa kinachokula na kuuza vitu vya bahari hakina udhuru wa kutolijua jambo hili.

Tuanze na huo Uzungu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Singapore na Ufilipino, nchi za visiwa, za joto na za wala samaki kama sisi. Kati ya vijana wenyeji wa miaka 14 hadi 16, takriban 5 katika kila 100 walieleza dalili za mzio wa kamba, kaa na jamii zao. Kati ya watoto wa wageni waliokuwa wakisoma huko huko, wa umri ule ule, hawakufika hata 1 katika 100. Kwa karanga mambo yalikuwa kinyume: wageni ndio waliozidi. Majibu hayo yalitokana na dodoso, si na kulishwa mbele ya daktari, kwa hiyo namba zenyewe nazichukua kwa tahadhari. Lakini zinavyoelekea zinatosha kuiangusha hoja kwamba anayekula vitu vya bahari tangu utoto amekingika navyo. Huko wenyeji ndio waliodhurika zaidi na chakula cha bahari kilichowazunguka, na sisi tumezungukwa na pweza.

Sababu moja inajulikana. Katika misuli ya kamba, kaa, pweza na ngisi mna protini iitwayo tropomaiosini, na kwa wengi wanaodhurika na viumbe hivi, hiyo ndiyo ambayo kinga ya mwili huikosea ikaiona adui. Protini inayofanana nayo sana imo pia ndani ya mende na ndani ya utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaokaa kwenye magodoro na mito na kupenda hewa yenye unyevu. Nani anayeishi Mafia asiyeijua hewa yenye unyevu? Mtu anaweza kuanza kwa mafua ya vumbi na kifua cha usiku, kinga yake ikajifunza kuichukia protini ya utitiri, na siku ya siku ikaja kuitambua sahani ya kamba kuwa ni yule yule. Na tropomaiosini haiharibiki kwa moto. Supu ya pweza iliyochemka tangu alasiri hadi magharibi bado inayo. Anayemwambia mwenzake "kunywa supu tu, nyama uiache" hajamsaidia kitu.

Wapo watakaoniambia kwamba vijijini Afrika mzio wa chakula ni haba. Ni kweli, na sina haja ya kuficha. Afrika Kusini watoto wa mwaka 1 hadi 3 walipimwa kwa njia ya uhakika, kwa kulishwa chakula chenyewe chini ya uangalizi: mjini Cape Town waliothibitika kuwa na mzio walikuwa 2.5 katika kila 100, na vijijini Jimbo la Cape Mashariki walikuwa 0.5. Haba, naam. Ila 0.5 katika 100 ni watoto watano katika kila elfu, na hao ni wa kijijini kabisa, si wa mji wenye uwanja wa ndege, maduka ya biskuti na soko la samaki kama Kilindoni. Haba si hakuna. Mama wa mmoja kati ya hao watano hafarijiki kwa kuambiwa kwamba wenzake 995 wazima.

"Mababu walikula, hakuna aliyekufa." Nani aliyeandika? Mtu aliyekula jioni, akavimba uso, akakoroma na kukata roho kabla ya isha, hapakuwa na daktari wa kumfungulia jalada. Palikuwa na majirani, nao walimpa kifo chake jina walilokuwa nalo: shetani wa bahari, jicho, chakula chenye mkono wa mtu. Sina ugomvi na dua wala na anayemsomea mgonjwa. Ugomvi wangu ni na kutumia ukimya wa mababu kama ushahidi, wakati ukimya huo umetokana na kutohesabu.

Sasa hiyo "atazoea". Hapa ndipo kauli ya Kilindoni inapogongana na kisa chenye umri wa zaidi ya miaka mia, nacho kilianzia baharini. Mwaka 1901 wanasayansi wawili wa Kifaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini wanaochoma kama viwavi. Waliporudi Ufaransa waliendelea na majaribio kwa sumu ya anemone wa baharini, wakiwapa mbwa kipimo kidogo ili kuona kama watazoea wasidhurike na kipimo kikubwa. Fikira yao, kwa ufupi, ilikuwa ile ile ya shangazi. Mbwa mmoja aliyeitwa Neptune alipewa kipimo, akakaa mzima majuma matatu, kisha akapewa tena kidogo tu. Alikufa baada ya dakika 25. Mwili haukuzoea, ulikuwa umejifunza kumshambulia mwenyewe. Mwaka 1902 walilitangaza jambo hilo wakaliita anafilaksia, na mwaka 1913 Richet alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana hoja ya "mbona juzi alikula akawashwa tu" inanitia hofu. Mwasho wa juzi hauahidi mwasho wa kesho. Mtu yule yule anaweza kutoka mabaka leo, na safari ijayo akabanwa koo, hasa akiwa na pumu isiyotulia, au akiwa amekula kisha akaenda kuvuta jarife au kucheza mpira. Na hoja ya pili, "lakini yeye amekula pweza tangu mdogo", nayo haisimami: mzio wa kamba na pweza mara nyingi huanza ukubwani, na ukishaanza huwa hauondoki.

Kweli, wapo watoto ambao mzio wao huisha. Mzio wa maziwa ya ng'ombe na wa mayai aghalabu huwatoka wakikua. Na zipo hospitali duniani ambako madaktari humzoesha mgonjwa kwa vipimo vidogo mno, vilivyopimwa, dawa ikiwa mkononi na kitanda kikiwa tayari. Hilo halifanani kabisa na kumfumbia mtoto finyango ya ngisi ndani ya tonge la wali ili "tuone kama ni kweli". Wanaofanya hivyo, na wapo, wanarudia jaribio la Neptune kwa mtoto wa watu.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa kauli ya zamani hawalitarajii kutoka kwangu. Watu wengi wanaosema wana aleji ya samaki hawana. Kauli ya "damu yake haipatani na samaki" ina makosa ya pande mbili: humlazimisha kula mwenye mzio wa kweli, na humnyima samaki maisha yake yote mtu asiye na mzio wowote. Kwa kisiwa ambacho samaki ndiye kitoweo cha kwanza na mara nyingi cha pekee, kosa hilo la pili si dogo.

Mkosaji mara nyingi ni jua. Jodari, vibua, nguru na jamaa zao wana kwa wingi katika nyama yao kitu kiitwacho histidini. Samaki akilala juani ndani ya dau, au akizungushwa kutwa nzima kwenye baiskeli bila barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili wa mwenye mzio huimwaga. Anayemla huiva uso, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, anawashwa, mdomo unamchoma kana kwamba samaki ametiwa pilipili, na pengine anaharisha. Kwa kutazama tu utasema ni mzio. Lakini ni sumu ya samaki aliyehifadhiwa vibaya, na samaki huyo si lazima anuke. Ukimkaanga, ukimchemsha, ukimgandisha, ukimbanika, histamini ikishaingia haitoki. Dawa yake ni barafu tangu baharini, kabla haijaingia.

Kuvitofautisha viwili hivi hakuhitaji maabara, kunahitaji maswali. Waliokula samaki yule walikuwa wangapi, na waliougua wangapi? Wakiwa wameugua wengi kwa pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni samaki. Je, mtu huyo aliwahi kula jodari mbichi wa asubuhi ile ile na asidhurike, kabla na baada? Basi hana mzio wa jodari. Lakini akiwa ameugua peke yake kati ya watu kumi waliokula sinia moja, dalili zikaanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na hali ikajirudia kila akigusa chakula kile kile hata kiwe kibichi namna gani, hapo pana mzio, na hapo ndipo pa kusema "mwacheni". Ni aibu kwamba maswali haya mepesi hayaulizwi. Mtu anafika na uso umemvimba, anapewa piritoni, anaambiwa "una aleji ya samaki, usile tena", anarudi nyumbani na hukumu ya maisha ambayo hakuna aliyeisikiliza kesi yake.

Kuchanganya sumu na mzio kuna hatari nyingine, nzito zaidi. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo, watu 7 walifariki vivyo hivyo. Kasa huweza kubeba sumu ambayo moto hauiondoi, na hakuna anayeweza kumtambua kasa mwenye sumu kwa kumtazama. Anayesema "mimi nimekula mara nyingi, hao damu zao hazipatani na kasa" anawapa majirani ruhusa ya kufa. Sumu haichagui damu; humdhuru yeyote aliyekula kiasi cha kutosha, na watoto kwanza. Mzio humchagua mmoja akawaacha tisa. Kijiji kisichotofautisha mambo hayo mawili kitaogopa pasipo hatari na kuthubutu palipo na hatari.

Hata vipimo vya damu havitutoi humu kwa urahisi. Ghana, watoto wa shule walipimwa damu kutafuta kingamwili za karanga. Waliopatikana nazo walikuwa wengi, lakini walipochomwa ngozi kwa majimaji ya karanga wachache mno waliitikia. Ilionekana kingamwili zile nyingi zilifuatana na maambukizi ya kichocho, si na mzio wa karanga. Kwa hiyo anayevuka bahari kwenda Dar es Salaam kulipia orodha ndefu ya vipimo vya "vyakula mia", kisha akarudi Kilindoni amekatazwa karanga, nazi, mayai na ndizi, ameuziwa karatasi. Kipimo huja baada ya maelezo ya mgonjwa, hakiwezi kuyatangulia.

Nasema hivi kwa sababu hofu isiyo na mipaka nayo ni adui. Nimeona mama akiondoa karanga kwenye uji wa lishe kwa kusikia tu kwamba karanga ni hatari. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti wa daktari Gideon Lack na wenzake wa London uliowafuata watoto wachanga zaidi ya 600 walio katika hatari kubwa ya mzio: waliolishwa karanga tangu miezi ya mwanzo walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini mno, pungufu kwa takriban asilimia 80, kuliko walionyimwa hadi miaka mitano. Uji wetu wenye karanga iliyosagwa, unaoanza mtoto akitimiza miezi sita, hauna la kuonewa haya mbele ya sayansi hiyo. Nyongeza yangu ni moja: kabla ya kuchanganya unga wa nafaka, soya, karanga na dagaa kwa pamoja, mtoto aonjeshwe kila kimoja peke yake kwa siku kadhaa. Akidhurika, mama ajue ni kipi. Na bibi asiyaone haya kuwa yanaiunga mkono "atazoea" yake: kumuonjesha mapema mtoto asiye na mzio ni jambo moja, kumlazimisha aliyekwisha kuvimba ni jingine.

Kuna unafiki mmoja unaonikera kuliko yote. Pweza wa mwambao wetu, wa Mafia wakiwamo, hugandishwa na kupelekwa Ulaya. Huko sheria ina orodha ya vyakula 14 ambavyo lazima vitajwe wazi kwa mlaji, na jamii ya pweza na ngisi iliongezwa humo mwaka 2006. Mlaji wa Lisbon analindwa kwa maandishi dhidi ya pweza aliyechokolewa na mwanamke wa Mafia miambani maji yakitoka. Hapa hapa kisiwani, kwenye hoteli za Utende, mgeni huulizwa kabla hajafika kama kuna chakula kinachomdhuru, na jikoni hutengwa sufuria. Mpishi yule yule anavua aproni, anarudi Kilindoni, na mpwa wake akisema "mjomba, ngisi wananiwasha" anaambiwa aache kudeka. Ujuzi upo kisiwani. Umegawanywa tu kwa rangi ya pasipoti.

Kwa hiyo sitakubali hoja ya umaskini, kwamba mambo haya ni ghali. Kumuuliza mtu gharama yake ni nini? Muuza chipsi kutokaangia viazi katika mafuta aliyokaangia ngisi, au walau kumwambia mteja anapouliza, kunahitaji karai la pili. Mwenye shughuli kupakua pilau ya nyama kabla kijiko hakijaingia kwenye mchuzi wa kamba ni suala la utaratibu. Mwenye mzio mkali wa kamba kukaa mbali na sufuria inapofoka ni suala la kumwamini, maana hata mvuke unaweza kumbana kifua. Wafanyakazi wa viwanda vya kamba na kaa katika nchi kadhaa wamepata pumu kwa kuuvuta tu. Na watu wa heshima waache kuhesabu kukataa chakula kuwa ni dharau. Mgeni akisema "samahani mama, kamba sili, wananidhuru", jibu la adabu ni kumletea kingine.

Dawa yenyewe nayo si anasa. Anayebanwa koo, anayekohoa na kukoroma, aliyepatwa na kizunguzungu presha ikishuka, anahitaji adrenalini. Piritoni hutuliza mwasho. Haifungui njia ya hewa wala haipandishi presha, na kumtegemeza mgonjwa wa namna hiyo kwenye kidonge ni kumpotezea muda wake wa mwisho. Kalamu za sindano wanazobeba wagonjwa wa Ulaya ni ghali, sawa. Lakini adrenalini ya kichupa ni dawa ya bei ndogo, imo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu, na muuguzi anayechanja watoto anafundishwa kuwa nayo karibu. Kipimo chake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kisizidi 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 hali isipotulia. Mhudumu wa zahanati yoyote anaweza kujifunza hayo kwa asubuhi moja.

Kwa zahanati, nasema, wala si kwa hospitali ya wilaya peke yake. Uchunguzi wa vifo vya anafilaksia Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kwa waliouawa na chakula, muda wa kati tangu kula hadi pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 30. Mgonjwa wa kisiwa cha Jibondo huvushwa kwa boti hadi Utende, kisha kuna barabara ya kilomita kama 15 mpaka Kilindoni iliko hospitali hiyo. Wa Bweni ana safari ya kisiwa kizima. Dakika 30 zinaishia njiani. Kwa hiyo sindano ichomwe Jibondo, kabla nanga haijang'olewa. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiwa juu, au aegemezwe kidogo kama pumzi inambana, na abebwe hadi botini, asitembezwe majini kama wasafiri wengine, kwa sababu kumsimamisha mtu ambaye presha yake imeshuka kumewahi kuwaua waliokuwa wamekwisha kuanza kupona. Akifika Kilindoni awekwe chini ya uangalizi kwa saa kadhaa hata kama anacheka, maana hali huweza kurudi bila kula tena. Na anaporuhusiwa, jina la chakula kilichomdhuru liandikwe kwenye daftari lake la kliniki kwa herufi kubwa, na bibi, shangazi na mwalimu wake wasomewe.